Mrejesho: Kutenganisha taka nyumbani na kazini

Habari zenu wapendwa. Niliuliza nianzie wapi kutenganisha taka, maana kwangu kila kitu kiliishia pipa moja. Mlinishauri nianze na aina moja tu, nikaanza na chupa za plastiki. Nawashukuru sana.

Kilichonisaidia zaidi ni kutazama namba iliyo ndani ya pembetatu kitakoni mwa chupa, inayoonyesha aina ya plastiki. Sasa mwanangu ndiye mkaguzi: anapangusa kitako kwa kidole gumba, anasoma 1 au 2, ndipo chupa inaingia kwenye mfuko. Makopo ya alumini nayo tunayatenga. Kuyayeyusha upya huokoa takriban asilimia 95 ya nishati ya kutengeneza alumini mpya, kwa hiyo sitaki hata moja lipotee.

Kazini palikuwa pagumu. Watu walitupa vikombe vyenye mabaki ya vinywaji kwenye boksi la kukusanyia karatasi, karatasi zikalowa zote, mkusanyaji akazikataa. Iliniuma. Tukalihamishia boksi kando ya printa, mbali na jiko, na tangu hapo karatasi zinabaki kavu.

Shuleni bado. Mwalimu amekubali waanze na madaftari yaliyojaa.