Koili ya Tecumseh haitengenezwi tena: nakala, mtumba au nibadili injini nzima?

NyasiFupi
Wakuu, naomba msaada wenu. Nina mashine ya kukata nyasi ya kusukuma, injini ni ya kampuni ya Tecumseh. Imegoma kuwaka, wiki ya pili hii. Fundi kasema koili, ile inayotoa umeme wa cheche kwenye plagi, imekufa na haitengenezwi tena. Naona njia tatu: koili ya nakala (ya kampuni nyingine, si Tecumseh wenyewe), koili ya mtumba kutoka injini iliyokufa, au nifunge injini nyingine kwenye bodi hii hii, maana bodi bado nzima, haina kutu. Nyasi zimefika magotini. Mngekuwa ninyi mngechukua ipi?

KerezoKale
Tecumseh ipi? Walitoa aina nyingi mno. Angalia bati linalofunika feni, utaona herufi na namba, halafu kistari na namba nyingine. Zote mbili tunazihitaji. Ukiona DOM (yaani tarehe ya kutengenezwa) na tarakimu nne, ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka na tatu zinazofuata ni siku ya mwaka huo. Bila hizo hakuna atakayekwambia spea ipi inaingia.

PistoniMoja
Chukua nakala, usijisumbue. Tecumseh waliacha kutengeneza injini mwishoni mwa 2008. Mwaka 2009 spea zao zikachukuliwa na Certified Parts Corporation, lakini za baadhi ya aina zimekwisha kabisa. Ila kabla ya kukata tamaa, uliza kama namba ya spea yako ilibadilishwa. Mara nyingi namba ya zamani "haipo" wakati kitu chenyewe kipo kwa namba mpya.

MamaBustani
Kwenye hilo la namba nakuunga mkono, kwenye nakala hapana. Nieleze yaliyonikuta.

Kabureta yangu ilikuwa inavuja, nikanunua ya nakala. Kwa macho zilifanana kama mapacha. Kumbe tundu la kile kiwaya kinachotoka kwenye gavana, kidhibiti cha kasi ya injini, lilikuwa limesogea milimita chache tu. Niliwasha, injini ikapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia. Nikadhani ni nguvu mpya! Gavana haikuweza kuivuta irudi chini, nami nikaendelea kukata. Haikupita nusu saa, ukasikika mlio mmoja mkubwa, kisha kimya. Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na shafti, ilikatika ikatoboa ubavu wa injini, oili yote ikamwagika kwenye nyasi. Kisu chini kinazunguka kwa kasi ileile ya injini, na watoto wangu walikuwa hatua chache tu kutoka pale. Mpaka leo nikikumbuka naumia moyo.

Tena kabureta ya zamani haikuwa mbovu. Fundi mwingine alinionyesha baadaye: kilichokuwa kinavujisha ni kile kipira ambacho sindano ya boya inakikalia. Ni kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Kinaingizwa upande wenye mfereji ukitangulia ndani, ule laini ukiiangalia sindano.

PistoniMoja
Pole sana dada. Lakini hiyo ni kabureta, yeye anauliza koili. Koili haina uhusiano na gavana.

MamaBustani
Najua. Nasema kinachofanana kwa macho kipimwe kwanza.

NyasiFupi
Nimepata: TVS105. Namba baada ya kistari imefutika nusu. Jambo jingine nililosahau: nikivuta kamba, wakati mwingine inarudi kwa nguvu na kuninyang'anya mkono.

KerezoKale
Hapo ndipo ulipaswa kuanzia, ndugu yangu. Iligonga kitu kabla ya kugoma?

NyasiFupi
Ndiyo, kisiki kilichofichwa na majani. Ilizima palepale.

KerezoKale
Basi usinunue koili bado. TVS105 ni inchi za ujazo 10.5, kama cc 172, ni injini nzuri, usiitupe kwa kukisia. Kamba inayorudisha mkono baada ya kugonga kisiki inanionyesha kii (kipande kidogo cha metali) ya flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku, imekatika au imeminyika, flaiwili ikahama kidogo, moto unakuja wakati usio wake. Toa plagi, irudishe kwenye waya wake, iguse kwenye chuma cha injini, vuta kamba. Ukiona cheche, koili iko hai. Ukifunga koili tena, acha mwanya wa takriban milimita 0.3 kati ya koili na sumaku.

Na shafti itazamwe. Kama imepinda, mjadala wote wa spea umekwisha.

ChumaHasa
Kii zikikatika mimi naweka ya chuma kigumu, naichonga mwenyewe. Haijakatika tena.

KerezoKale
Weka ya aina ileile iliyotoka. Kinachoishika flaiwili ni mbano wa nati kwenye ile sehemu ya shafti inayopungua unene, kii inaipanga tu mahali pake. Briggs & Stratton, watengenezaji wengine wa injini, wanatumia kii laini ya alumini kwa makusudi. Ukiweka ngumu, siku ya kisiki kingine kitakachoumia ni flaiwili au shafti.

ChumaHasa
Miaka yote hiyo haijanitokea.

MamaBustani
Hujagonga kisiki.

Mgeni72
Akibadili injini, je, yoyote ya shafti ya kusimama inaingia?

KerezoKale
Hapana. Pima unene wa shafti, zilizozoeleka ni milimita 22.2 na 25.4. Pima urefu wake chini ya bodi, maana ndio unaoamua kisu kikae wapi. Kisha matundu ya bolti, na waya wa breki ya kisu.

PistoniMoja
Au aende kwenye betri. Hata Honda waliacha kutengeneza mashine za petroli za kukata nyasi Marekani mwaka 2023.

ChumaHasa
Betri nayo ikifa, spea yake utaipata wapi baada ya miaka kumi?

NyasiFupi
Nimejaribu plagi. Cheche ipo, ila naiona hafifu, au labda ni mwanga wa jua. Flaiwili imekataa kutoka. Niigonge na nyundo?

KerezoKale
Usiguse mapezi yake, yatavunjika! Azima kifaa cha kuvutia flaiwili itoke. Na jaribu plagi tena jioni, gizani.