Gesi ya Mtwara: ikiwa maliasili ni ya wananchi, wananchi wanaiamulia wapi?

Mchuma Korosho:
Wanajukwaa, salaam. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, walijibiwa kwamba gesi ni mali ya Watanzania wote. Jibu hilo nalikubali, maana mkoa hauwezi kujimilikisha kilicho chini ya ardhi yake. Ninachoomba kueleweshwa ni hiki: wenye mali hao wanaiamulia mali yao wapi, na lini?

Wakili wa Kusini:
Ndugu, Azimio namba 1803 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la mwaka 1962, liliwapa mataifa na watu wake mamlaka ya kudumu juu ya maliasili zao. Sheria yetu ya mwaka 2017 imefuata njia hiyo: wenye mali ni wananchi, Rais ameshika dhamana, na serikali inasimamia kwa niaba yao. Lakini sheria iliyopitishwa sambamba nayo inataka mikataba iwasilishwe bungeni ikiwa imekwisha kufungwa, ndipo Bunge, likiona masharti hasi, liitake serikali ijadiliane upya. Kwangu mimi kasoro iko hapo, kwa sababu mbunge anausoma mkataba wakati mwekezaji amekwisha kupata haki ndani yake, na kumrudisha mezani si kazi nyepesi.

Bi. Mwanaidi:
Naongezea jambo ambalo serikali zetu hazipendi kulisikia. Waogiek, waliokuwa wakirina asali na kuwinda katika msitu wa Mau nchini Kenya, walipoondolewa humo shauri lao lilifika Mahakama ya Afrika, Arusha, ambayo mwaka 2017 iliamua kwamba Kenya imekiuka haki zao, ikiwemo ile ya ibara ya 21 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, inayohusu utajiri na maliasili za watu. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na wapewe hati ya ardhi yao. Sisemi kwamba hali ya Mtwara ni sawa na yao. Nasema dola haiwezi kujificha nyuma ya taifa zima isiwasikilize wanaoishi juu ya mali yenyewe.

Mchuma Korosho:
Nawashukuru nyote. Basi rasimu ya mkataba wa kiwanda kilichopangwa kujengwa cha kusindika gesi kule Likong'o, Lindi, ilistahili kusomwa bungeni na kwenye mabaraza ya madiwani ya Lindi na Mtwara kabla ya mtu yeyote kushika kalamu.