Mjadala: Vibali vya mafuta na gesi viharakishwe, au visubiri pepo za Kusi na Kaskazi?

Assalaam alaykum jamani. Kila gesi ya visiwani inapotajwa barazani, hakosi mtu wa kusema tatizo letu ni urasimu: vibali vitoke haraka, mwekezaji asije akachoka akaenda zake. Mimi napinga, khasa mradi ukiwa na bomba la kupita kwenye mashamba na pwani za watu. Nasema kwa nini, kisha mnijibu.

Tuwatazame wanaoharakisha kweli. Marekani, Aprili 2025, wizara inayosimamia ardhi za serikali kuu ilitangaza utaratibu wa dharura kwa miradi ya nishati, mafuta na gesi yakiwemo: tathmini kubwa ya mazingira imalizwe kwa takriban siku 28, ndogo kwa siku 14. Kabla ya hapo, 2023, Congress ilipitisha sheria ya kuidhinisha vibali vya bomba la gesi la Mountain Valley, kilomita kama 488 kutoka West Virginia hadi Virginia, na ikazizuia mahakama kuvihoji vibali hivyo. Aliyekuwa na kesi yake kijijini akafungiwa mlango.

Sasa siku 28 kwetu Pemba zinaona nini? Mtaalamu akija Februari, joto limepamba, mwani umekufa kwenye kamba unakopandwa. Ataandika kuwa hapa hapana kilimo cha maana. Akija Aprili, mavuno yamekwisha, mkarafuu ni mti tu. Na karafuu haizai sawa kila mwaka: kuna mwaka wa neema, na kuna mwaka mtu anavuna pishi chache tu. Bahari nayo ni hivyo hivyo, samaki na madago ya wavuvi, yaani kambi zao, huhama na upepo. Tathmini isiyopitiwa na misimu ya pepo zote mbili, Kusi na Kaskazi, imeandika nusu ya kijiji.

Kutoka Chake:

Kaka, umesema vizuri, lakini umesahau kiza. Unguja ilikaa kama miezi mitatu bila umeme wa gridi, kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010. Pemba mpaka 2010 ilikuwa ya majenereta ya dizeli, ndipo ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Bara wanaendesha mitambo kwa gesi ya Songo Songo tangu 2004. Sisi tuna sheria yetu ya mafuta na gesi tangu 2016, na Oktoba 2018 tulitia saini na kampuni ya RAK Gas mkataba wa kitalu cha Pemba-Zanzibar, yaani eneo la kutafutia mafuta na gesi. Hiyo gesi iko wapi? Vijana wanavuka kwenda Bara kutafuta kazi, na wewe unataka tuhesabu mwani! Kila mwaka wa tathmini ni mwaka wa mtu kukosa ajira.

Kutoka Micheweni:

Mimi nina suali moja tu. Sisi wanawake wa mwani hatuna hati ya pwani. Sheha akiitisha mkutano wa bomba, wanaitwa wenye mashamba. Fidia ya kamba zetu ataiandika nani?

Mleta mada:

Dada wa Micheweni, suali lako ndilo la kutangulizwa, na siku 28 hazitalifikia.

Ndugu yangu wa Chake, kiza hicho nakikumbuka. Lakini kilichokileta Unguja ni hitilafu ya mfumo wa waya wa baharini, si tathmini iliyochelewa. Na gesi kutopatikana hakumalizwi na kibali cha haraka. Gesi kitaluni inatafutwa kwa mitetemo ya kupimia miamba na kwa visima, mhuri haugundui kitu.

Nikuulize kuhusu haraka yenyewe. Bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Ushoroba wake, yaani ukanda wa ardhi linamopita, wakati wa ujenzi una upana wa mita 30. Watu walitathminiwa mali zao, wakaambiwa wasipande mazao ya kudumu, kisha wengi wakasubiri fidia kwa miaka. Haraka ilikuwa kwenye kuwazuia, kwenye kuwalipa ikapotea.

Sasa uchukue ushoroba huo uuweke kwetu. Shamba la eka tatu likiwa mraba ni kama mita 110 kila upande. Bomba likipita katikati, mita 30 zinakula zaidi ya robo ya shamba, na juu ya bomba hupandi tena mti wa mizizi mirefu, si mkarafuu, si mwembe. Mkarafuu mchanga unakuweka miaka sita hadi minane kabla ya kutoa chochote. Juu ya hayo, ardhi kwetu kisheria ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais wa Zanzibar, na shamba lenyewe mara nyingi ni mirathi isiyogawanywa: ndugu mmoja yuko Wete, mwengine Dar, wa tatu Muscat. Mpimaji mwenye haraka ataandika jina la aliyemkuta shambani. Hapo umewaanzishia ndugu kesi ya maisha.



Ninachotaka: mwaka mzima wa tathmini, fidia mkononi kabla ya mti wa kwanza kukatwa, na wa mwani waandikwe kwa majina yao. Wewe ungekubali mikarafuu yako ihesabiwe Aprili?

Kutoka Chake:

Aprili, la. Mwaka mmoja nakubali, lakini mwisho wake uandikwe ndani ya sheria. Nimeshaona "mwaka mmoja" ukageuka mitano kwa sababu faili limelala kwenye meza ya mtu.

Mleta mada:

La mwisho wa muda liandikwe, sina ugomvi. La fidia kwanza bado hujanijibu.