Mrejesho: Kuukinga moyo katika mionzi ya titi la kushoto

Ndugu wataalamu, niliwauliza namna ya kuupunguzia moyo dozi ya mionzi ya tiba kwa mgonjwa wa saratani ya titi la kushoto aliyepangiwa grei 40 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 15 vya tiba. Kama mlivyoshauri, tulirudia picha za CT (skani ya ndani ya mwili ya kupangia tiba) akiwa amevuta pumzi kwa kina na kuizuia, mapafu yakajaa na moyo ukajitenga na ukuta wa kifua. Wastani wa dozi ya moyo umeshuka kutoka grei 4.6 hadi 1.9, nafuu kubwa kwa maoni yangu, kwani utafiti wa Sweden na Denmark wa 2013 ulionesha kuwa kila grei ya wastani wa dozi ya moyo huongeza hatari ya matukio makubwa ya mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4. Kazi ilikuwa kwenye pumzi yenyewe: mama alikuwa akiinua mabega badala ya kifua, hadi alipofanya mazoezi nyumbani.