Chokaa ya Tanga imwagwe baharini kupunguza hewa ya ukaa?

Mlete mada: Wakuu, mawe ya chokaa Tanga yapo tele, Pongwe hadi Amboni. Yachomwe, chokaa izimwe kwa maji, imwagwe Mkondo wa Pemba. Ualikali wa maji (uwezo wake wa kuzima asidi) ukipanda, bahari inafyonza hewa ya ukaa zaidi na kuishika kama bikaboneti, yaani chumvi iliyoyeyuka majini, kwa maelfu ya miaka. Asidi nayo inapungua, matumbawe yanapata nafuu. Tunangoja nini?

Mkemia: Piga hesabu kwanza. Jiwe likichomwa kwenye nyuzi 900 hivi linatema hewa ya ukaa lenyewe: kilo 785 kwa kila tani ya chokaa, mafuta hujahesabu. Tani hiyo ikiyeyuka yote baharini inafyonza kama kilo 1,300. Umebakiza 500 na ushee. Tanuri nalo linakula gigajuli 4 hadi 5 kwa tani; kwa makaa ya mawe, hizo ni kilo 400 nyingine. Bado lori na meli! Inalipa tu moshi wa tanuri ukinaswa na kuzikwa ardhini.

Mlete mada: Basi tusichome, tusage jiwe tumwage unga.

Mkemia: Hauyeyuki. Maji ya juu ya bahari yetu yameshashiba kalsiamu kaboneti, ndiyo madini ya jiwe hilo, unga utazama ulivyo.

Kigombe: Na chokaa iliyozimwa ukiimwaga kwa mkupuo, pH ya pale (kipimo cha asidi na alikali) inaruka kupita 9, kaboneti inaganda chembe nyeupe, na chembe hizo zinakuwa mbegu za kuganda zaidi. Ualikali unaweza kushuka chini ya ulipoanzia, ukaa inarudi angani. Inatakiwa tope jepesi, liachiwe nyuma ya rafadha meli ikiwa mwendoni. Tena mbali na huku kwetu: hii ni hifadhi ya silikanti, yule samaki wa kale, na maji meupe yanazibia mwani mwanga.

Mkemia: Kuna la kupima pia. Maji hayo huchukua miezi, hata mwaka, kumaliza kufyonza. Kusi ikivuma yameshakwenda Kenya. Boya la vipimo likiwekwa Tanga halitaona kitu, mtauza kredi za kaboni kwa modeli ya kompyuta tu. Anzeni na matangi ya lita 1,000 ufukweni: dozi tatu tofauti na tangi moja lisilotiwa kitu, pimeni pH na ualikali kila siku kwa wiki mbili, muone ipi inaanza kuganda.

Kigombe: Matangi sawa. Ila chokaa iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni za mikoko isiingie humo.