Dada yangu mpiga kinanda kanisani anataka kwenda piano baa ya kasino Vegas, naombeni mwongozo

Mbeba_Boksi:
Wakuu habari za mida hii. Dada kaja kututembelea kutoka Mwanza na mwezi ujao tunaenda naye Las Vegas, sasa kuna mtu kamwonyesha video ya ile Bar at Times Square ndani ya hoteli ya kasino inaitwa New York-New York, piano mbili wapigaji wanashindana ukumbi mzima unaimba, basi haambiwi kitu. Shida kamari hataki na pombe hanywi. Ataingia bila kucheza? Halafu mwanae wa miaka 19 tunamfanyaje?

kaka_wa_jangwani:
Hakuna anayelazimishwa kucheza mkuu, ila mashine za kamari ataziona tu, mnapita katikati yake. Dogo asahau, Nevada baa na kamari ni miaka 21, kwenye mashine anaruhusiwa kupita tu sio kusimama anashangaa. Mpeni hela apande rola kosta ya hapo hapo hotelini.

MamaJ:
Dada abebe pasipoti yenyewe sio picha kwenye simu. Kitambulisho cha NIDA akiache, mlangoni hawakijui hicho.

Chenji_Ndogo:
Nendeni na noti ndogo ndogo!! Wimbo unauandika kwenye kikaratasi unaweka juu ya piano pamoja na hela, mwenye hela nyingi ndo anapigiwa kwanza, na meza ya pili wakiongeza dau wimbo wako unakatwa hapo hapo watu wanacheka. Ni kama kutunza kwenye taarabu ila huku unaweza kutunza ili wa jirani anyamazishwe 😂 Vya bure wanapewa wanaocheza mashine, nyie hata soda mtalipia na mhudumu mwachieni walau dola moja kwa glasi.

Msukuma_Halisi:
Naweka kambi hapa

Mbeba_Boksi:
Asanteni. Akiomba pambio watapiga?

kaka_wa_jangwani:
Pambio la Kiswahili wapi mkuu, hao ni nyimbo wanazozijua Wamarekani wote. Na utani wao usiku ukikolea unakuwa wa chumbani, wahini mapema.

Mbeba_Boksi:
Utani sio shida, Kiingereza chao kinamkimbia. Mimi naogopa sigara, ana kifua.

MamaJ:
Hapo ndo penyewe, kasino nyingi za Vegas watu wanavuta humo humo ndani. Kikianza kumbana hamieni kasino ya Park MGM, ipo jirani kabisa na tangu 2020 ndani hawaruhusu sigara. Na dawa yake ya kuvuta iwe kwenye pochi, msije mkaiacha chumbani.