Cheti kinajazwa, mzigo haufunguliwi: huu ukaguzi wa mazao mnamfanyia nani?

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi ni mrefu na nina hasira, mnivumilie.

Mimi ni mkulima wa nyanya, upande wa Meru, Arusha. Majuzi tulipakia Fuso kwenda kuvuka mpaka. Kibali tulikuwa nacho, ada tumelipa kwa kontroli namba, risiti ziko mkononi. Tumefika jioni tunaambiwa mkaguzi ameshaondoka, laleni hapo. Asubuhi kweupe kabisa, jua limeanza kuchoma, ndipo akaja ofisa, akaomba karatasi, akajaza cheti cha usafi wa mimea akiwa amekaa kitini, akagonga muhuri, akatuambia twende. Hakusogea kwenye gari. Turubai halikufunguliwa. Hakuna tenga lililoguswa. Na kile cheti kinasema mzigo umekaguliwa na haukukutwa na visumbufu vya mimea. Umekaguliwa na nani? Saa ngapi? Nyanya zimelala usiku kucha chini ya turubai, za chini zikaanza kutoa maji, mnunuzi wa ng'ambo akakata bei pale pale, na dereva naye akadai hela ya kulala.

Nieleweke vizuri. Silalamiki kukaguliwa. Nalalamika KUTOKAGULIWA. Angefungua matenga, akapasua nyanya, akakuta funza na kunirudisha, ningeumia, lakini ningejua kuna mtu analinda shamba langu na la mwenzangu wa ng'ambo. Hii ya kunilaza njiani kwa ajili ya saini ni kunipotezea mali bila kumzuia mdudu hata mmoja.

Siku hiyo hiyo, tukiwa tumesimama, magari ya matunda na mboga yalikuwa yanaingia upande wetu. Nilikaa nikitazama. Wanakagua karatasi, wanapunga mkono, gari linapita. Hapo ndipo damu ilinichemka, maana sisi wakulima wa huku tunajua vizuri kinachoingia kwa namna hiyo.

Kantangaze mnamjua. Aliyelima nyanya kaskazini tangu 2014 hahitaji kufundishwa. Ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu, jina lake la kitaalamu Tuta absoluta, asili yake Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akashuka Afrika ya Kaskazini, akaja akiteremka nchi kwa nchi, na mwaka 2014 akakutwa Ngarenanyuki hapa hapa Arumeru. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260. Kiwavi akianguliwa anaingia ndani ya jani, anakula katikati akiacha ngozi mbili kavu, halafu anahamia kwenye tunda. Ukimwacha anaweza kubeba shamba zima. Dawa nyingi amezizoea, ndiyo maana unakuta mtu anachanganya sumu tatu kwenye bomba moja na bado anavuna takataka, na hiyo sumu ndiyo mnayokula mjini kwenye kachumbari.

Sasa jiulizeni huyu mdudu alivukaje bahari. Hakuruka. Alibebwa. Kiwavi mdogo anajificha chini ya kikonyo, pale nyanya inapoungana na mti, na kitundu chake kwa nje ni kidogo mno. Mtu anayetazama karatasi hawezi kumwona. Hata anayetazama nyanya za juu juu hamwoni. Ni lazima utoe tenga la katikati ya gari, ubandue vikonyo, upasue zile unazotilia shaka. Haihitaji maabara. Inahitaji kisu, meza, taa na mtu mwenye nia.

Na matenga! Hapa ndipo ninapoumia zaidi, maana hakuna anayezungumzia matenga. Tenga linatoka shambani, linaenda soko la mjini, linakaa chini kwenye mabaki ya nyanya zilizooza, linachanganywa na matenga ya mikoa mingine na ya nchi jirani, kisha linarudi tupu juu ya gari lililopakia watu na mbolea. Likifika kwetu bado lina majani makavu na nyanya zilizobondeka kwenye mbao. Linawekwa pembeni mwa shamba lenye maua. Kwenye yale majani kuna viwavi na buu. Kisha mnatuambia tuweke mitego ya harufu na tupulize dawa kwa ratiba. Dunia nzima imekubaliana kwamba mbao za kufungia mizigo ya meli, mapaleti na makreti, zitibiwe, kwa mfano kwa kupashwa joto hadi katikati ya ubao ifike nyuzi 56 kwa dakika 30, na zigongwe alama, ili tu wadudu wa mbao wasisafiri. Sisi kuosha tenga kwa maji ya mpira hapo sokoni kumetushinda.

Kwenye geti la ushuru wa mazao lakini, matenga yanahesabiwa moja baada ya jingine. Ukificha matatu wanapanda juu ya gari kuyatafuta. Nguvu kazi ipo, wakuu. Macho yapo. Ni kwamba yanatafuta hela tu.

Wazee wa Tabora wanajua hadithi hii kuliko mimi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, aliingia na shehena za mahindi kutoka Amerika ya Kati, wakulima wakamwita Scania, akasambaa kwenye maghala hadi nchi za jirani, na hadi leo unamkuta kwenye vihenge. Mwaka 2003 akaonekana nzi wa matunda kutoka Asia, Kenya na kwetu, na tangu hapo ukipasua embe unaangalia kwanza kabla ya kula. Kila mara ni shehena. Kila mara tunashtuka akiwa ameshatapakaa, kisha inaandaliwa semina.

Angalieni Kenya walivyolipia nzi huyo. Mwaka 2014 walisimamisha wenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya kwa sababu mizigo ilikuwa inakutwa na funza. Mkulima wa Makueni alikaa miaka akiuza embe kwa bei ya dalali. Ndipo wakajipanga: eneo likatengwa, mitego ikawekwa, maembe yaliyoanguka yakaokotwa na kuharibiwa badala ya kuachwa chini ya mti, kumbukumbu zikaandikwa. Mwaka 2021 wakarudi sokoni. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia Mwafrika hawezi kudhibiti mdudu.

Sisi tuna sheria. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ipo, na ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Sina ugomvi na sheria. Ugomvi wangu ni na yule anayepokea ada ya ukaguzi bila kukagua, na na yule bosi wake asiyeuliza kwa nini kituo kizima kinatoa vyeti vingi namna hiyo na hakuna hata mzigo mmoja uliokataliwa. Aprili 2025, Hussein Bashe, wakati huo Waziri wa Kilimo, alipozuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwa sababu wao walikuwa wamezuia ya kwetu, zikiwemo ndizi, nilimuunga mkono kwa sauti. Lakini siku ndugu hao wakitwambia tuwaonyeshe daftari la ukaguzi wetu wa mwaka mzima, tutawaonyesha nini?

Wenzetu walio Ulaya wanajua. Tangu Desemba 14, 2019, hata abiria hawezi kuingia kule na matunda kwenye begi bila cheti cha usafi wa mimea, isipokuwa nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Shangazi anayempelekea mwanawe maembe ya Tanga ananyang'anywa uwanja wa ndege. Tunawaona wakorofi. Wale wanalinda mashamba yao. Mimi nataka shamba langu lilindwe hivyo hivyo.

Ninachotaka ni hiki. Mkaguzi awepo jioni na usiku, maana nyanya zinasafiri usiku. Kila cheti kiandike ni matenga mangapi yamefunguliwa na nani ameyafungua, na dereva asaini kwamba ameshuhudia. Mzigo unaoingia upasuliwe sawasawa na unaotoka. Nyanya ziuzwe zimetolewa vikonyo na majani shambani. Sokoni pawe na bomba la maji na sehemu ya kuoshea matenga, hela yake itoke kwenye ushuru huo huo tunaolipa. Na mzigo ukikutwa na funza uharibiwe pale pale, hata ukiwa wangu, bila kupigiwa simu na mkubwa yeyote.

NYONGEZA: Naona mdau ameandika kwamba Kantangaze ameshaingia, kwa hiyo kukagua hakuna maana. Mkuu, hapana. Kwanza yupo shamba hili na lile hayupo, na kila tenga chafu linampeleka alikokuwa hajafika. Pili, wanaokuja kutoka kwingine wanaweza kuja na usugu wa dawa ambazo huku bado zinafanya kazi. Tatu, kuna magonjwa ambayo bado yapo pembeni mwa nchi tu, waulizeni wakulima wa migomba Kigoma kuhusu ugonjwa wa kudumaa kwa migomba.

NYONGEZA 2: Wanaoniuliza ni kituo gani, sitaki kumtaja mtu hapa. Malalamiko yangu nimeyaandika kwa barua, na nakala ya cheti nimeambatanisha. Dereva yeyote aliyepita na mzigo mbichi aandike hapa chini: turubai lako lilifunguliwa au halikufunguliwa?